Modeli ya Moshi Ikikataa Kulingana na Vipimo

Umekesha na AERMOD, programu ya kukokotoa jinsi moshi wa kiwanda unavyosambaa hewani. Bomba la moshi umeliweka mahali pake, urefu wake, joto la gesi na kasi ya kutoka vimo, na data ya upepo ya mwaka mzima imeingia bila programu kulalamika. Asubuhi unapanga matokeo kando ya vipimo vya kituo kilichopo kilomita moja kutoka kiwandani, na unachokiona kwenye grafu ni mchele uliomwagika sakafuni. Vitone kila upande, mstari hakuna.

Wengi wetu hapo huanza kuichokonoa modeli: ukwaruzo wa uso wa ardhi, madaraja ya utulivu wa hewa, toleo jipya la programu. Nimefanya tathmini za mazingira pwani ya Tanzania kwa miaka kadhaa na nimejifunza kuigusa fizikia mwisho. Mara nyingi kosa liko kwenye saa, kwenye dira, kwenye vizio, au kwenye namba uliyoichagua kuwa hakimu. Kila kosa la aina hiyo huacha nyayo zake kwenye tofauti kati ya kilichopimwa na kilichokokotolewa. Tofauti hiyo nitaiita baki. Anza juu ushuke, kwa sababu makosa ya mwanzo hufunika yanayofuata.

Vilele vya siku vinafanana lakini vimepishana

Chora wastani wa kila saa ya siku, kuanzia 0 hadi 23, mstari mmoja wa vipimo na mwingine wa modeli. Kama umbo ni moja ila kilele kimoja kimetangulia, mshtakiwa ni saa. Thibitisha kwa kusogeza mfululizo mmoja saa moja moja huku ukikokotoa R kila hatua, yaani ile namba inayoonyesha kama vitu viwili vinapanda na kushuka pamoja. Hatua yenye R kubwa kuliko zote inakutajia mkosaji kwa jina. Ikiwa ni saa 1, upande mmoja umeandika mwanzo wa saa na mwingine mwisho wake. AERMOD huhesabu saa 1 hadi 24 kwa mwisho wa saa. Ikiwa ni saa 3, kuna faili la UTC, saa ya kimataifa, ambalo halijageuzwa, na kama umetumia ERA5, ile data ya hali ya hewa ya dunia nzima iliyokokotolewa kwa modeli, basi usitafute mbali. Ikiwa ni saa 6, ni saa yetu ya Kiswahili.

Hili la mwisho miongozo ya Wazungu haina habari nalo. Tuliwahi kupewa daftari la tanuru la kiwanda kimoja, limeandikwa kwa mkono na wasimamizi wa zamu: 2:00 tanuru limewashwa, 8:00 mafuta yamebadilishwa, 2:00 limezimwa. Kijana wetu akaingiza 02:00, 08:00, 02:00. Kwa aliyeandika daftari, ya kwanza ilikuwa saa mbili asubuhi, yaani 08:00; ya pili saa nane mchana, 14:00; ya tatu saa mbili usiku, 20:00. Kibaya zaidi, skripti yetu ilipokuta mistari miwili yenye saa ileile ilichukua wastani wake, kwa hiyo asubuhi na usiku zikamezana. Mzunguko wa siku ulilainika mpaka hapakuwa na kilele cha kusogeza. Kilichotufumbua macho ni kuhesabu tu: kila tarehe ilikuwa na saa 12 tofauti, na hakuna muda hata mmoja uliovuka 12:59. Siku hizi kabla sijafanya lolote nahesabu saa za kipekee kwa kila siku. Zikiwa 12, naomba namba ya simu ya msimamizi wa zamu.

Kama unalitilia shaka faili la hali ya hewa lenyewe, angalia mionzi ya jua. Dar es Salaam iko kwenye longitudo 39.3 Mashariki, wakati saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo 45, kwa hiyo jua hufika utosini kwa wastani karibu 12:23, saa sita na dakika ishirini na kitu mchana. Kilele cha mionzi kikiangukia 09:20 hivi, faili liko UTC.

Wakati wa kusi mambo sawa, wakati wa kaskazi vurugu

Pwani dalili hii inatisha, kwa sababu inaonekana kama jambo la hali ya hewa kumbe ni hesabu ya shule ya msingi. Mtu amechukua mwelekeo wa upepo wa kila dakika kumi na kutafuta wastani wa saa kwa kujumlisha na kugawa. Nyuzi 350 na nyuzi 10 zinampa 180. Kaskazi imegeuka kusi.

Wakati wa kusi upepo huchezea upande wa 180, mbali na mpaka wa 0 na 360, na wastani wa kawaida hauleti madhara. Ukifika Desemba upepo unaanza kuruka kutoka 340 hadi 30 na kurudi, ndipo mtego unafyatuka. Dawa ni kugeuza kila mwelekeo kuwa sini na kosini, kutafuta wastani wa kila kimoja, kisha kurudi kwenye pembe kwa atan2, amri ya hesabu inayotoa pembe kutoka kwa sini na kosini. Baada ya hapo chora waridi la upepo la kila mwezi, yaani mchoro wa duara unaoonyesha upepo umetoka upande gani mara ngapi. Kama Januari bado ina mkono mrefu upande wa kusini, kuna faili jingine uliloliruka.

Kuna na kosa la kugeuza nyuzi 180 kamili mwaka mzima, pale mtu anapoandika upepo unakoelekea badala ya unakotoka. Mswahili hana sababu ya kukosea hapa, maana kaskazi ni upepo utokao kaskazini na kusi utokao kusini, sawasawa na kanuni ya wataalamu wa hali ya hewa. Data za modeli kubwa, zenye u na v (kasi ya upepo iliyogawanywa kwa mashariki na kwa kaskazini), ndizo huleta mkanganyiko, kwa kuwa u na v huonyesha unakokwenda.

Kila kitu kimekosea kwa kizidisho kilekile

Panga vipimo kuanzia kikubwa hadi kidogo, panga na matokeo ya modeli vivyo hivyo, kisha gawanya moja kwa jingine, mstari kwa mstari. Kama jibu halibadilikibadiliki, soma namba. Karibu na 3.6: kilo kwa saa zimeingizwa kama gramu kwa sekunde. Karibu na nusu: upepo wa noti (maili za baharini kwa saa) umedhaniwa ni mita kwa sekunde, hivyo hewa imekimbizwa mara 1.94 na moshi ukazimuliwa kupita kiasi. Elfu: miligramu na mikrogramu, hiyo kila mtu ataipitia mara moja maishani. Karibu na 2.62 kwa salfa dioksaidi: mashine ya kupima inasoma ppb (sehemu kwa bilioni) na wewe una mikrogramu kwa mita ya ujazo.

Hiyo 2.62 ni ya usawa wa bahari kwenye nyuzijoto 25. Nairobi, ambako kanieneo ya hewa ni karibu hPa 830, hewa ni nyepesi na ppb moja ya gesi hiyo inabeba karibu 2.15 tu. Ukisahau, unapata kosa la asilimia ishirini hivi ambalo halifanani na kizidisho chochote cha kukariri, na utalitafuta wiki nzima.

R iko karibu na sifuri, ingawa jumla inaonekana sawa

Hapa hakuna kilichoharibika, isipokuwa matarajio yako.

Mkondo wa moshi ni mwembamba kuliko tunavyoudhania. Chukua hali ya kawaida, eneo la wazi, daraja D kwenye madaraja ya utulivu wa hewa ya Pasquill, yanayoanzia A, hewa inayochemka, hadi F, hewa tulivu. Kilomita moja kutoka kwenye bomba, upana wa mkondo kwa pembeni, ule unaoandikwa sigma-y, ni karibu mita 68. Ripoti za METAR za viwanja vya ndege hutoa mwelekeo kwa makumi ya nyuzi, kwa hiyo hata kipimaupepo kikiwa kizima kabisa unaweza kuwa umekosea nyuzi 5. Nyuzi 5 kwa umbali huo ni mita 87 pembeni. Weka kwenye kanuni ya mtawanyo wa moshi ya Gauss: exp(−87²/(2×68²)) inatoa 0.44. Zaidi ya nusu ya moshi imepotea kwa sababu ya kukadiria namba tu. Kosa likiwa nyuzi 10, kinachobaki ni asilimia 4. Usiku wa daraja F, sigma-y ikiwa mita 34, kosa hilohilo halikubakizii chochote: kituo kinasoma moshi mzito na modeli inakwambia hewa ni safi, saa inayofuata kinyume chake.

Wanasayansi waliliona hili mapema. Kwenye jaribio la Prairie Grass, lililofanyika Nebraska, Marekani, mwaka 1956, vipimo vilipangwa kwenye tao tano, mita 50, 100, 200, 400 na 800 kutoka gesi ilipoachiliwa. Ukiwa na tao unachukua kilele popote kilipoangukia na hujali kama mkondo umepinda nyuzi chache. Data ile bado inatumika, na mimi huitumia kukagua skripti zangu za takwimu kabla ya kuziamini kwa mradi.

Sisi hatuna tao, tuna kituo kimoja au viwili. Kwa hiyo linganisha bila kuoanisha saa: grafu ya Q-Q, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Kwa vilele tumia kadirio thabiti la kiwango cha juu ambalo watafiti Cox na Tikvart walilitoa mwaka 1990. Chukua wastani wa thamani 25 za juu, toa thamani ya 26, zidisha kwa 3.65, kisha rudisha ile ya 26. Fanya kwa vipimo, fanya kwa modeli, linganisha. Namba hii haiyumbishwi na saa moja ya ajabu.

Lakini Q-Q ni hakimu mpole, mpole mno kwa maoni yangu. Modeli inaweza kupata vilele sahihi kwa sababu zisizo sahihi. Toa zile saa 25 za juu za kila upande na uangalie zilitokea lini. Kama vipimo vinapanda usiku hewa ikiwa imetulia na modeli inapanda saa saba mchana, mstari mzuri wa Q-Q ni bahati tu.

Namba za tathmini zinapingana zenyewe kwa zenyewe

FB, namba inayoonyesha kama modeli kwa wastani iko juu au chini ya vipimo, inasema modeli inapunguza, mwenzako anasema inazidisha. Angalieni kanuni zenu: wengine hutoa modeli kutoka kwenye vipimo, wengine vipimo kutoka kwenye modeli, na ishara inageuka. Andika kwenye ripoti uliyotumia ipi.

FB na FAC2 (sehemu ya saa ambazo modeli imekaribia vipimo) ni nzuri lakini VG, kipimo cha ukubwa wa makosa ya saa moja moja, imepaa hadi mamia. VG hutumia logi, na logi haina huruma kwa namba zilizo karibu na sifuri. Tuseme una saa 200, na saa moja kati ya hizo kituo kilisoma 0.5 na modeli ikatoa 0.0000001. Logi ya uwiano huo ni 15.4, mraba wake ni 238, ukigawa kwa 200 unapata 1.19, na e kwa kipeo cha 1.19 ni 3.3. Saa moja, ambayo kwa afya ya mtu haina maana yoyote, imeizidisha VG yako mara tatu na ushee. Weka sakafu: chochote kilicho chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kukiona kihesabiwe kuwa sawa na kiwango hicho, pande zote mbili, na useme umefanya hivyo. Kigezo cha watafiti Chang na Hanna cha mwaka 2004, FAC2 juu ya 0.5 na FB ndani ya 0.3 chanya au hasi, ndicho nachowapa wateja, kwa kuwa FAC2 inaeleweka hata na mtu asiyejua takwimu: ni sehemu ya saa ambazo jibu halikuzidi mara mbili wala kupungua chini ya nusu.

Modeli haioni usiku mbaya kuliko zote

Hesabu ni saa ngapi kwenye METAR zimeandikwa 00000KT, yaani upepo umetulia, kisha zipange kufuatana na saa ya siku. Kwenye vituo vingi vya kwetu utakuta zimerundikana usiku na alfajiri. AERMOD huziruka saa hizo, hazihesabiwi kabisa. Sasa chukua vipimo vya saa zilezile zilizorukwa. Kama wastani wake ni mkubwa kuliko wa saa nyingine, umekuwa ukilinganisha mwaka mzima wa vipimo na nusu mwaka ya modeli, tena ile nusu yenye upepo.

Wapo wanaojaza matundu hayo kwa kasi ndogo ya kubuni. Kwenye kanuni, kiasi cha moshi kinagawanywa kwa kasi ya upepo, kwa hiyo ukiandika 0.1 badala ya 1 umezidisha mara kumi kwa kalamu tu. Na kwa upepo wa 0.3, moshi unahitaji zaidi ya saa tisa kufika kilomita 10, wakati modeli inauchora mstari ulionyooka ndani ya saa moja. Afadhali kipimaupepo cha mawimbi ya sauti uwanjani, hata kwa miezi mitatu, pamoja na chaguo la ADJ_U*, marekebisho ya AERMOD kwa saa za hewa tulivu na upepo mdogo, ambalo shirika la mazingira la Marekani liliruhusu litumike rasmi tangu lilipopitisha mwongozo wake mpya mwishoni mwa 2016.

Waliokimbilia ERA5 kuepuka matundu wanakutana na tatizo la upande wa pili: hakuna utulivu kabisa. Chumba kimoja cha gridi yake kina upande wa karibu kilomita 28 huku kwetu, na pale Dar au Mombasa nusu ya chumba ni bahari. Upepo wa usiku unatoka na kasi ya baharini na badiliko la upepo kati ya bara na bahari linafifia. Chora mtawanyo wa kasi kwa kila saa ya siku, kituo na ERA5 pamoja. Pengo la alfajiri utaliona bila miwani.

Baki kubwa, lakini upande mmoja tu

Hii ndiyo dalili ninayoipenda. Weka baki kwenye grafu ya duara, mwelekeo wa upepo ukiwa pembe na kasi ikiwa umbali kutoka katikati. Kifurushi cha openair cha lugha ya programu iitwayo R (si ile R ya juu) kinakuchorea kwa mstari mmoja wa amri.

Baki likiwa doa katikati, upepo mdogo, pande zote: kuna chanzo cha chini cha jirani, majiko ya mkaa, taka zinazochomwa jioni, barabara. Huo si moshi wa bomba lako, ni kiwango cha msingi cha eneo. Kikadirie kwa saa ambazo upepo unatoka upande usio na kiwanda, kisha ukiongeze kwenye modeli kwa saa na kwa mwezi. Namba moja ya mwaka mzima haitoshi. Baki likikua kadiri upepo unavyoongezeka, kutoka upande wa kiwanda: vumbi la malundo ya malighafi linapeperuka, nawe uliingiza bomba peke yake. Likijitokeza upande wa kiwanda lakini siku chache zisizo na mpangilio, uliza kuhusu umeme. Jenereta za dizeli zenye mabomba mafupi hazimo kwenye orodha ya vyanzo kwa sababu "ni za dharura tu". Siku za mgao, dharura hiyo huchukua saa kumi nzima. Orodha ya muda umeme ulipokatika, ikiunganishwa na baki, hueleza mambo ambayo hakuna marekebisho ya sigma yatakayoyaeleza.

Kwa PM2.5, yaani chembe ndogo sana za hewani, ya vihisi vya bei nafuu, kabla ya kusoma baki lolote, lichore dhidi ya unyevu wa hewa. Likipanda unyevu unapopita asilimia 80 na kitu, kihisi kinapima matone ya maji yaliyoivimbisha chembe. Kifunge kando ya mashine ya rejea wiki kadhaa, na ziwemo siku za mvua.

Marekebisho ya mashine-jifunzi yanang'aa ofisini, yanafifia uwanjani

Umefundisha msitu nasibu (random forest, programu inayojifunza kutoka kwenye data) kurekebisha makosa ya modeli na R² ya majaribio, ambayo 1 ndiyo alama kamili, ni 0.93. Umeihamishia kituo cha pili, ikawa 0.2. Ulichanganya saa kama karata na kuzigawa. Saa ya tatu asubuhi iko kwenye mafunzo na ya nne kwenye mtihani, na hizo mbili ni mapacha. Mwanafunzi ameuona mtihani. Gawa kwa vipande: fundisha kwa kusi, pima kwa kaskazi, kisha geuza. Halafu ficha kituo kizima. Namba itashuka, na hiyo iliyoshuka ndiyo ya kuandika. Kumbuka pia msitu hauwezi kutoa jibu kubwa kuliko lolote uliloufundishia, kwa hiyo vilele vyote vitakatwa vichwa, na vilele ndivyo sheria inavyovitazama.

Undugu huohuo wa saa ndio unaofanya mipaka ya uhakika kwenye ripoti nyingi iwe myembamba ya kuchekesha. Mwaka una saa 8,760, lakini kama uwiano wa saa na jirani yake ni 0.9, una taarifa huru zinazolingana na saa 461 hivi. Tumia butstrapu, yaani kuokota data upya kwa bahati nasibu mara nyingi, ya vipande vya siku kadhaa badala ya kuokota saa moja moja.

Umemaliza yote, na FAC2 bado iko chini ya 0.5

Angalia baki lililosalia linatokea lini. Kama ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, upepo ukitoka baharini tu, bomba ni refu, na kituo kiko kilomita kadhaa bara, basi moshi unasafiri ndani ya hewa tulivu ya bahari hadi unapokutana na tabaka linalochemka juu ya ardhi yenye joto, kisha unashushwa wote chini kwa mpigo. AERMOD, inayodhani hewa ni ileile kutoka bomba hadi kituo, haijui habari hiyo. Modeli nyingine, ADMS na CALPUFF, zina namna ya kuingiza mstari wa pwani. Hapo, kwa mara ya kwanza katika safari yote hii, badilisha modeli.